Petey Greene: mfungwa wa zamani aliyesikilizwa Washington ilipowaka moto

Kila yanapotokea machafuko mahali, iwe ni matokeo ya uchaguzi yamebishaniwa au mwanafunzi amepigwa risasi, wasikilizaji wetu hutuuliza swali lile lile: nyinyi watu wa redio kazi yenu ni nini wakati kama huo? Wapo wanaotaka tunyamaze na kupiga muziki mpaka hali itulie. Wapo wanaotaka tuseme kila tunalolisikia, hapo hapo, bila kungoja. Katika eneo letu la Maziwa Makuu swali hili lina uzito wake, maana wengi wetu tumekua tukisimuliwa habari za RTLM ya Kigali, redio iliyoanza mwaka 1993 kwa muziki mzuri na utani wa vijana, na mwaka uliofuata ikawa inataja watu wa kuuawa na mahali walipojificha. Mfano wa redio iliyowasha moto tunao, na hautoki mbali.

Mfano wa upande wa pili tumeufuata mbali kidogo, Washington, mji mkuu wa Marekani, na mtu mwenyewe huenda akawashangaza. Hakuwa kiongozi wa dini, hakuwa mwanasiasa, na hakuwahi kukaa darasani kusomea utangazaji. Alikuwa mlevi aliyetoka jela miaka miwili tu kabla ya mji wake kuwaka moto.

Jina lake kamili ni Ralph Waldo Greene, lakini mji mzima ulimwita Petey. Alizaliwa Washington tarehe 23 Januari 1931. Alilelewa na bibi yake, Maggie Floyd, mwanamke aliyejulikana mtaani kwa jina la utani la A'nt Pig, na maisha yake yote Petey alimtaja bibi huyo kama mwalimu wake wa kwanza na wa mwisho. Yeyote aliyelelewa na bibi anajua maana yake: maneno makali mchana kutwa, na sahani iliyofunikwa ikikungoja usiku.

Shule haikumkaa. Aliacha masomo Cardozo, sekondari ya watoto weusi ya mji huo, akajiunga na jeshi akiwa na umri wa miaka 16. Vita vya Korea vilipoanza alipelekwa huko kama mhudumu wa tiba, akarudi nyumbani mwaka 1953. Miaka iliyofuata ilikuwa ya chupa na mitaa. Mwanzoni mwa mwaka 1960 alihukumiwa kifungo cha miaka kumi kwa kuvamia duka akiwa na silaha, akapelekwa gereza la Lorton katika jimbo jirani la Virginia, ambako Washington ilikuwa ikipeleka wafungwa wake.

Huko Lorton ndiko alikoanza kutangaza. Gereza lilikuwa na mfumo wa vipaza sauti, na Petey akapewa nafasi ya kupiga santuri na kuzungumza na wafungwa wenzake. Hebu fikiria hadhira ile. Hawezi mtu kukuzima, lakini anaweza kukungoja uwanjani ukimaliza kipindi. Ukiwadanganya wanajua. Ukijifanya mjuaji wanajua. Ukiogopa wakuu wa gereza wanajua pia. Sisi tunaofanya kazi hii tunaamini hakuna chuo cha utangazaji kinachoweza kumfundisha mtu kile alichojifunza pale.

Kuna kisa cha kutoka kwake gerezani ambacho alipenda kukisimulia mwenyewe, na wasikilizaji wake walikijua kama watoto wanavyojua hadithi ya Sungura. Siku moja mwaka 1966 mfungwa mmoja alipanda juu ya mnara wa tangi la maji akatishia kujirusha. Askari walishindwa kumshusha. Petey akaomba aachiwe azungumze naye, akazungumza, na mtu akashuka. Wakuu wa gereza walimwona ni mtu mwema, na baada ya muda si mrefu akaachiwa kwa msamaha wa masharti. Kilichobaki nyuma ya pazia, kwa maelezo ya Petey mwenyewe, ni kwamba yeye ndiye aliyemshawishi yule mfungwa apande, na kazi ya kumshawishi ilimchukua miezi. Kumshusha ndiko kulikuwa rahisi.

Kisa kinachekesha, na sisi tulipokisikia mara ya kwanza tulicheka. Lakini kinaeleza jambo. Huyu alikuwa mtu aliyejua kwamba mtu aliye juu ya mnara humsikiliza yule tu anayemwamini, na kwamba imani hiyo haipatikani siku ile ile ya mnara.

Alipotoka alisaidia kuanzisha chama cha kuwashika mkono waliotoka jela, EFEC, kilichowatafutia kazi na nguo na mahali pa kuanzia. Akaingia pia WOL, redio ya Washington iliyokuwa kwenye 1450 ya masafa ya kati na ikipendwa sana na watu weusi kwa muziki wake wa soul. Aliyemleta ni Dewey Hughes, mfanyakazi wa kituo hicho, kijana nadhifu wa suti na maneno ya kupimwa, ambaye aliona kitu ndani ya mfungwa huyu. Tunaweza kukisia jinsi mkutano wa kumwajiri ulivyokuwa. Meneja gani anataka kukabidhi kipaza sauti cha moja kwa moja kwa mtu wa namna hiyo?

Walimkabidhi. Kipindi chake, kilichojulikana kama Rapping with Petey Greene, hakikufanana na chochote kilichokuwa hewani. Alizungumza lugha ya kibarazani. Aliwasema wanasiasa, akawasema wenye nyumba wanaopangisha vyumba vibovu, akawasema weusi wenye nazo wanaojifanya hawakuwahi kula kwa mikono. Hakuficha kwamba alikuwa mwizi na kwamba alikunywa. Watu wa heshima walikerwa na lugha yake, na kwa kweli baadhi ya maneno yake yasingepita kwenye kituo chetu. Lakini dereva wa basi, mama anayefua nguo za watu, kijana asiye na kazi anayesimama kona ya barabara ya 14, wote walisikia mtu anayewajua.

Tukumbuke Washington ya wakati ule ilikuwa mji wa namna gani. Wengi wa wakazi wake walikuwa weusi, lakini hawakuwa na haki ya kuchagua meya wao. Meya wa wakati huo, Walter Washington, aliteuliwa na Rais Lyndon Johnson mwaka 1967, na hakukuwa na uchaguzi wa meya hadi mwaka 1974. Ikulu na Bunge vilionekana kutoka mitaa iliyojaa vyumba vya kupanga na ukosefu wa kazi. Kwa watu hao redio haikuwa burudani tu. Magazeti makubwa hayakuwaandika isipokuwa wamekamatwa. Martin Luther King mwenyewe alilijua hilo: mnamo Agosti 1967 alikwenda kwenye mkutano wa watangazaji weusi mjini Atlanta akawashukuru kwa kazi yao, akawaeleza kwamba harakati za haki zingekuwa dhaifu bila sauti zao, kwa sababu redio ndiyo iliyowafikia watu wake kuliko chombo kingine chochote. Aliwataja baadhi yao kwa majina, watu wa kupiga santuri ambao leo wachache wanawakumbuka.

Walikuwepo pia watangazaji waliojikuta upande ambao hawakuuchagua. Mjini Los Angeles, Nathaniel Montague wa redio ya KGFJ alikuwa na msemo wake wa kushangilia wimbo mkali, msemo wenye neno la kuchoma. Wasikilizaji waliupenda, wakawa wanapiga simu kuusema hewani. Agosti 1965 mtaa wa Watts ulipolipuka, wakafa watu 34, vijana waliokuwa wakichoma maduka waliimba msemo ule ule wa Montague. Yeye alikuwa akisifia muziki, moto wenyewe haukuwa mawazoni mwake. Wakubwa wa mji walimbana auache, na akaubadilisha. Kwa mtangazaji yeyote kisa hiki ni cha kukosesha usingizi. Neno likishatoka studio si lako tena.

Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa jioni ya Alhamisi, tarehe 4 Aprili 1968.

Saa 12 jioni, kwa saa za Memphis, King alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya hoteli ya Lorraine. Saa moja hivi baadaye alitangazwa kufariki. Washington ilipata habari kupitia redio, na hasa kupitia zile redio ndogo za transista ambazo vijana walitembea nazo mkononi. Makutano ya barabara ya 14 na U palikuwa ndio kitovu cha maisha ya watu weusi wa mji huo, na watu wakaanza kukusanyika hapo. Stokely Carmichael, mwanaharakati kijana, alitembea na kundi duka kwa duka wakitaka maduka yafungwe kwa heshima ya marehemu. Mwanzoni ilikuwa hivyo tu, maduka yafungwe. Kisha kioo kimoja kikavunjwa, na kingine, na usiku ukaharibika.

Ijumaa ilikuwa mbaya zaidi. Moto uliwaka barabara ya 14, barabara ya 7 na barabara ya H. Moshi ulionekana kutoka Ikulu. Alasiri Johnson aliita jeshi, na kwa jumla askari zaidi ya 13,000 waliingia mjini. Wanamaji waliweka bunduki ya rashasha kwenye ngazi za Bunge. Amri ya kutotoka nje ilitangazwa. Hali ilipotulia tarehe 8 Aprili, watu 13 walikuwa wamekufa, zaidi ya 1,000 wamejeruhiwa, zaidi ya 6,000 wamekamatwa, na majengo zaidi ya 1,000 yameharibiwa. Miji mingine zaidi ya mia moja nchini humo ilipatwa na ghasia siku hizo hizo.

Katika siku hizo redio za watu weusi kote Marekani zilivunja ratiba zao. Matangazo ya biashara yaliondolewa. Nyimbo za kucheza ziliwekwa kando, zikapigwa za kanisani. Simu zilifunguliwa, watu wakaachwa waseme na walie. Na WOL ilikuwa na Petey Greene.

Petey aliingia hewani akawasihi wasikilizaji wake watulie, waache kuchoma, warudi majumbani. Katika historia ya mji huo maneno yake yanahesabiwa miongoni mwa yaliyosaidia kuzituliza ghasia. Hakuzungumza kama msemaji wa serikali, maana miaka miwili yote alikuwa akiisema serikali. Hakuzungumza kama mwenye duka, kwa sababu hakuwa na duka. Alizungumza kama mtu ambaye naye amefiwa, ambaye naye ana hasira, na ambaye anajua kwa mwili wake mtu akikamatwa usiku ule atapelekwa wapi. Lorton alikuwa akiijua vyumba kwa vyumba.

Hapa tuseme tunavyoona sisi. Ni rahisi kuligeuza tukio hili kuwa hadithi ya shujaa: mtu mmoja alishika kipaza sauti, mji ukanyamaza. Haikuwa hivyo. Moto uliendelea Ijumaa na Jumamosi, na askari wale elfu kumi na tatu hawakuwa mapambo. James Brown naye aliletwa Washington Jumamosi ile kuwasihi vijana, baada ya onyesho lake la Boston la usiku wa Ijumaa kurushwa kwenye televisheni ili watu wakae nyumbani. Sauti zilikuwa nyingi. Redio haiwezi kuzima moto wa petroli.

Inachoweza ni kumfikia yule ambaye bado hajaamua. Katika kila machafuko wapo wachache waliokwisha kuamua kuchoma, wapo wengi waliokwisha kujifungia ndani, na katikati wapo vijana waliosimama mlangoni wakiangalia moshi. Mama anasema usitoke, rafiki anaita kutoka barabarani, na redio ipo dirishani. Kijana huyo hamsikilizi waziri. Anamsikiliza yule ambaye jana na juzi alimchekesha, aliyesema ukweli kuhusu mwenye nyumba wake, ambaye hakumwambia kwamba hasira yake ni ujinga. Petey hakuwakataza watu wasiwe na hasira. Aliwaambia hasira ile isiwachomee mitaa yao wenyewe.

Na ndiyo maana tunadhani somo la kisa hiki kwa vituo vidogo kama chetu halihusu sana ile siku ya ghasia. Linahusu miezi yote iliyotangulia. Kituo ambacho mwaka mzima kinasoma taarifa za ofisini tu, hakigusi bei ya unga, hakimpi mkulima nafasi ya kulalamika kuhusu pembejeo, siku ya moto kinapoanza kuhubiri amani kinasikika kama kipaza sauti kwenye gari la polisi. Tumeyaona hayo kwa macho yetu. Wapo wenzetu waliowahi kupiga nyimbo za amani kutwa nzima wakati mtaa wa pili watu wanakimbia, na wasikilizaji wakawapigia simu kuwauliza kama wako sayari nyingine.

Turudi kwa Petey. Baada ya 1968 jina lake lilikua, na watu wa serikali waliokuwa wakimwogopa wakaanza kumhitaji. Mwaka 1976 alianza kipindi cha televisheni, Petey Greene's Washington, kilichodumu hadi 1982 na kumpatia tuzo mbili za Emmy. Kwenye kiti kile alikaa kama mfalme, akizungumza na kamera kama anavyozungumza na jirani. Kipindi chake kimoja kinachotafutwa hadi leo ni kile alichofundisha namna ya kula tikiti maji. Weusi wa Marekani walikuwa wamedhihakiwa kwa tunda hilo kiasi kwamba wengine waliona aibu kulila mbele za watu. Petey aliliweka mezani, akawacheka wanaolikata kwa kisu na uma vipande vidogo vidogo, akaonyesha jinsi ya kulishika na kulila kwa mikono na mdomo wote. Inachekesha mpaka machozi, kisha unakaa kimya ukijiuliza ni vitu gani vya kwenu wewe mwenyewe unavyovionea aibu.

Machi 1978 alialikwa Ikulu, kwenye dhifa ambayo Rais Jimmy Carter alimwandalia Josip Broz Tito wa Yugoslavia. Kijana aliyeacha shule, mfungwa wa Lorton, amevaa suti ya jioni kati ya mabalozi. Aliporudi aliwatangazia watu kwamba ameiba kijiko. Ukweli wa kijiko hicho anaujua mwenyewe, lakini utani ule ulikuwa na kazi yake: ulikuwa ni njia ya kuwaambia wa nyumbani kwamba amekwenda na amerudi, na hajabadilika.

Pombe haikumwacha muda mrefu wa miaka hiyo, na ini lilidai deni lake. Petey Greene alifariki kwa saratani ya ini tarehe 10 Januari 1984, siku 13 kabla ya kutimiza miaka 53. Ilikuwa baridi kali ya Januari. Watu wapatao 10,000 walijipanga nje ya kanisa kusubiri zamu ya kupita mbele ya jeneza lake, msururu ambao Washington haikuwa imeuona kwa mtu asiyewahi kushika cheo cha kuchaguliwa.

Mwaka 2007 ilitoka filamu kuhusu maisha yake, Talk to Me, ambamo Don Cheadle aliigiza kama Petey na Chiwetel Ejiofor kama Dewey Hughes. Ni filamu nzuri, ingawa imepanga matukio kwa namna ya sinema, na anayetaka kumjua Petey mwenyewe afadhali atafute vipindi vyake vya televisheni vilivyosalia. Dewey Hughes na aliyekuwa mkewe, Cathy Hughes, waliinunua WOL mwaka 1980, na Cathy akaifanya mwanzo wa moja ya kampuni kubwa zaidi za utangazaji zinazomilikiwa na watu weusi Marekani. Gereza la Lorton lilifungwa mwaka 2001. Upo sasa mpango wenye jina la Petey Greene unaowapeleka wanafunzi wa vyuo vikuu magerezani kuwafundisha wafungwa kusoma na kuhesabu. Na WOL bado iko hewani, pale pale kwenye 1450.